Zamu ya Kuchochea Jiko

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mzee Oiva Huotari, fundi boti wa kijiji chetu cha Lehtovaara. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka tisini na mmoja. Wengi mnamjua kama yule mzee aliyeweza kusinzia popote, hata kanisani, lakini si karibu na jiko lenye moto. Tulimcheka sana kwa hilo. Mimi pia nilimcheka, na leo naona aibu.

Turudi Januari 1940, vitani, nchi yetu ilipovamiwa na jirani mkubwa. Oiva ana miaka ishirini. Baridi ni nyuzi arobaini chini ya sifuri. Mkate unapasuliwa kwa shoka. Ukigusa bunduki bila glavu, ngozi inabaki kwenye chuma.

Oiva na wenzake walipigana msituni usiku kucha hadi kukapambazuka, mchana wakalala hemani, miguu yote ikielekea jiko. Mmoja tu halali. Huyo anachochea moto, na kila nusu saa anamwamsha mtu wa kwenda kumpokea mlinzi wa nje. Mchana ule zamu ilikuwa ya Oiva. Aliyetoka kulinda ni Tauno Moilanen, jirani yake wa tangu utoto.

"Wee Oiva, ole wako ulale! Nitakukata masikio."

"Toka hapa, unaingiza baridi. Nusu saa tu, utakuta kahawa."

Oiva akasinzia. Alikuwa na siku tatu hajalala, na jiko lilikuwa na joto tamu. Alipozinduka, moto ulikuwa umebaki makaa na jua limeshazama. Nasema tena, wasikilizaji: badala ya nusu saa, Tauno alikaa nje zaidi ya saa mbili.

Oiva alimkuta chini ya msonobari, bunduki mapajani, amekufa kwa baridi. Hema lilikuwa hatua mia mbili tu. Lakini Tauno hakuwa mtu wa kuacha lindo.

Jioni hiyohiyo adui akashambulia, na Tauno akaandikwa pamoja na waliopigwa risasi. Barua kwa mama yake ikasema risasi. Oiva akanyamaza.

Jeneza likaletwa kijijini, maana kwetu wafu wa vita huzikwa kwao. Mama Tauno alimshika Oiva mikono yote miwili.

"Mwanangu, nashukuru ulikuwa naye."

Akampa mbao za Tauno za kutelezea thelujini. Oiva akazipokea. "Nilizipokea kama mwizi," alikuja kumwambia binti yake, Irja, uzeeni.

Kila mkesha wa Krismasi aliwasha mshumaa kwenye kaburi la Tauno. Na kila mwaka Lempi, mdogo wake Tauno, alimshukuru. Shukrani hizo zilimtafuna kwa miaka sabini.

Oktoba iliyopita akamwomba Irja ampeleke kwa Lempi. Irja anasema baba yake hata koti hakuvua.

"Lempi, kaka yako hakupigwa risasi. Mimi nililala zamu. Aliganda akinisubiri."

Lempi akaweka kikombe chini. "Mama alikufa akikuombea, Oiva. Kila siku ya Mungu."

"Najua."

"Hujui kitu! Maliza kahawa yako, uende."

Krismasi walikutana makaburini. Lempi alimpita bila salamu.

Jana nilimpigia simu Bibi Lempi, kwa woga.

"Sijamsamehe," alisema. "Useme hivyohivyo, usipambe. Ila angekufa kimya, ningeendelea kumshukuru mpaka na mimi naingia kaburini. Hilo ningelichukia zaidi."

Poleni sana Irja na familia yote ya Huotari. Pole na wewe Bibi Lempi, uliyefiwa na kaka yuleyule mara ya pili. Nasi tuliobaki tujifunze: kama umekalia ukweli wa mtu, mpelekee angali na nguvu za kukufukuza.

Maziko ni Jumamosi, saa sita mchana. Bibi Lempi atakuja. Ameomba tu asikalishwe karibu na jeneza.