Wadhamini Waliozimwa

Benchi liko nje ya duka la mikate la Wafini, mjini Thunder Bay, upande unaopata jua la asubuhi. Wanaolikalia ni wastaafu wa kiwanda cha karatasi, na kila mmoja ana jina alilotoka nalo kiwandani. Reino Lahtinen wanamwita Kufuli. Kule kiwandani, fundi hakugusa mashine kabla ya kuzima swichi zake na kutia kufuli lake mwenyewe. Reino alizima hata zisizomhusu. Siku hiyo alikuwa ameikodolea macho simu yake, kahawa ikipoa pembeni. Majibu ya picha za mapafu yake yalikuwa kwenye ukurasa wa hospitali, na ukurasa ulikataa kufunguka.

— Inasema si salama, alisema.

— Umebonyeza nini? aliuliza Armas, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki.

— Sijabonyeza, nimezima. Kuna orodha humu ndani, vyeti vya usalama vinavyoaminika. Kampuni za Uturuki, za Taiwan, za Uhispania. Kila moja ina swichi yake, na zote zilikuwa zinawaka! Nani aliniuliza kama nawaamini?

— Ukazima zipi?

— Nisizozijua.

— Na unazijua zipi?

— Hakuna hata moja.

Urho alicheka hadi kahawa ikampalia. Yeye wanamwita Askofu, kwani hata mtambo ulipomng'ata kidole hakutukana.

— Kufuli, ndugu yangu, hao ndio wadhamini! Hospitali ikibisha hodi kwenye simu yako, lazima awepo wa kusema, "Huyu namjua, mfungulie." Wewe umewafukuza wote.

— Mdhamini nisiyemjua ni mdhamini gani?

— Jamaa huyu! alisema Askofu. Siku ya harusi yake alikagua kwanza nyaya za umeme za kanisa.

— Na moja ilikuwa imechubuka, alisema Reino.

— Mwacheni, amefanya la maana, Redio aliingilia. Hao watu wanasikiliza. Juzi nimelalamikia goti jikoni kwangu, kesho yake simu inanitangazia dawa ya goti.

— Redio, mtu aliyeajiriwa kukusikiliza wewe ataacha kazi kabla ya mchana.

— Cheka tu, Askofu. Kila mstaafu ana mtu wake wa kumfuatilia. Wanataka kujua nani bado anakumbuka kutengeneza karatasi. Siku kompyuta zote zikifa, watakuja kutuchukua usiku.

— Wewe watakuchukua wa nini? Zamu nzima ulikuwa unatuchania karatasi kwenye mashine!

— Ndiyo maana nimenyamaza kimya, wasinijue.

— Umenyamaza lini, bwana?

Reino naye alicheka, kisha kikohozi kikamkatiza. Wenzake walisubiri kimtulie, kila mtu akitazama barabara.

Sylvi, mke wake, alitoka dukani na mkate wa iliki kwapani.

— Mnamcheka nini mume wangu?

— Shemeji, kawazima wadhamini wote wa simu, alisema Redio. Sasa hospitali haiwezi kuingia.

Sylvi aliweka mkate benchini, akaichukua simu na kuiangalia kwa muda. Hakucheka.

— Reino, ujumbe kwamba majibu yako tayari ulifika saa ngapi?

— Asubuhi. Nilikuwa nanyoa ndevu.

— Na hizi swichi umezizima kabla ya ujumbe, au baada?

Askofu alikuwa akichungulia kikombe chake. Reino alijua jibu. Ujumbe ulipolia, alikaa ukingoni mwa bafu na povu shavuni. Badala ya kuufungua, aliingia kwenye mipangilio ya simu, akaanza kuzima.

Askofu alisimama, akamvuta Redio mkono wa koti.

— Twende tukaongeze kahawa.

— Lakini kikombe changu kimejaa.

— Armas. Twende.

Mlango wa duka ulijifunga nyuma yao. Reino alisogea, Sylvi akakaa, bega kwa bega, akamrudishia simu.

— Tuanze na ipi? aliuliza.

— Ya juu, alisema Reino.

Akaiwasha, kisha iliyofuata. Kidole chake kilishuka polepole kwenye orodha. Sylvi hakumharakisha.