Mama Odilia Gontiu, Aliyeitoza Serikali Sogit

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda hadi hapa Tinopikon, mimi ni Kalistus, mdogo wake marehemu. Nimepewa kuusoma wasifu huu kwa sababu wengine wanalia. Nami nitalia, ila baadaye.

Marehemu Odilia Gontiu alizaliwa hapa kijijini tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Gontiu Masudal na Mama Lusia. Mwaka 1964 alianza shule ya misheni ng'ambo ya mto, akivuka kila asubuhi na sare yake kichwani. Desemba 1969 mama yetu aliumwa na nyoka, na mto ulikuwa umefurika. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Tulikaa naye ukingoni siku mbili hadi akakata roho. Tangu siku hiyo dada alitaka daraja, na hakuacha kulitaka.

Alihitimu ualimu mwaka 1978, akafundisha hadi mwaka 1995, redio ya lugha yetu ilipomchukua. Kila Jumamosi asubuhi alichambua siasa. Serikali ya mseto aliiita sufuria moja yenye wapishi sita, akawakumbusha wasikilizaji wachunguze chumvi.

Tarehe 20 Mei 1981 alifunga ndoa na Silvester Lojuta, fundi redio wa mjini. Siku ya posa alimuuliza, "Unajua kuogelea?" Shemeji akasema hajui. "Basi jifunze, kwetu hakuna daraja." Alijifunza, lakini kwanza aliunywa mto nusu.

Uchaguzi mkuu wa Novemba 2022 haukumpa yeyote viti vya kutosha, na kambi mbili zikaanza kuwasaka wabunge kwa barua za kiapo. Mbunge wetu, Mheshimiwa Wilfred Sumundai, alitia saini kuiunga mkono kambi ya kwanza Jumapili, na ya pili Jumatatu. Kwa mila yetu, anayeapa mara mbili huiletea nchi joto, yaani ugomvi na maradhi, na lazima atoe sogit, faini ya mila ya kuipoza. Mheshimiwa akaja kijijini na nyati wa kufugwa. Dada alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mama, nyati huyu hapa. Tuyamalize."

"Mfunge pale. Huyo ni wa kiapo cha Jumapili. Wa Jumatatu yuko wapi?"

"Jamani, Mama Odilia, utanifilisi!"

"Sikufilisi, mwanangu. Sogit humfikia kila mtu kijijini, na nyama itaisha kesho. Tuletee daraja. Na usiniambie 'tutaangalia.' Liandikwe kwenye mkataba wa muungano wenu, na tarehe yake."

Jumamosi aliyarudia yote redioni, kwa upole uliomtoa Mheshimiwa jasho. Serikali ilisimama kwa kura chache, na ya Mheshimiwa ilikuwa mojawapo, hivyo wakubwa walisikia. Wiki tatu baadaye mkataba ulitiwa saini, na kipengele cha kumi na saba kilikuwa daraja la Tinopikon. Wachambuzi wa mji mkuu walikicheka. Wacheke tu! Nyati tulimla, na daraja tunalo.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alipoambiwa apumzike alijibu, "Zege halijakauka." Daraja lilifunguliwa tarehe 8 Machi 2025. Waziri alikuwa ameshika mkasi dada alipomwambia, "Mheshimiwa, pisha wagonjwa kwanza." Akapita chini ya utepe na kiti chake cha magurudumu, kijiji kizima kikishangilia. Alifariki hospitalini tarehe 21 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mume, Silvester, watoto wawili, Klarisa na Wendelin, wajukuu watano, na mimi.

Mwaka 1988 baba alifia hospitalini, tukamrudisha nyumbani jeneza likiwa mabegani, maji yakitufika kifuani. Leo tumemvusha Odilia, na mto umefurika tangu juzi. Watazameni waliombeba: viatu vyao ni vikavu.

Umeshinda, dada. Sasa pumzika kwa amani.