Siku Kumi na Moja Katika Historia ya Dada Yetu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu hata mkamjua pengine kuliko sisi, naomba utulivu wenu. Mimi ni mdogo wake, nimesoma mita za maji za watu kwa miaka thelathini na moja mpaka nikastaafu, na familia imenikabidhi karatasi hizi kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, nina sauti na sina haya. Sehemu kubwa marehemu aliiandika kwa mkono wake akiwa kitandani, mimi nimeongeza yale ambayo mtu hawezi kujiandikia, na ukurasa wa nne ndio uliotuweka kikaoni siku mbili, shangazi yetu akishikilia kwamba marehemu hasemwi vibaya, binti wa marehemu akimjibu kwa adabu kwamba huyu amejisema mwenyewe, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeamua kuusoma wote. Shangazi, nisamehe mapema.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, nyumba namba kumi na saba, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mchemshaji wa sabuni, na mama yetu, mama wa nyumbani mwenye maneno machache na asiyekawia kuchapa, jambo ninaloweza kulishuhudia mimi kuliko yeye, maana dada hakuwa mtoto wa kuchapwa. Alianza shule ya msingi Januari 1964, na alipokuwa darasa la tano alipewa kazi ya kutunza daftari la mahudhurio, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mkubwa hadi siku alipomwandika mwalimu mwenyewe kuwa amechelewa, akanyang'anywa daftari. Alijiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1971, akamaliza 1974, akafaulu kemia kuliko wenzake wote, akaingia chuo cha wafamasia, na kuhitimu tarehe 25 Novemba 1977.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa katika duka la dawa la hospitali ya mkoa, akakaa kwenye dirisha la kutolea dawa kwa miaka kumi na sita, na ni kwenye dirisha hilo ndipo alipompata mume wake, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alikuja mara tisa kuomba dawa ya kikohozi bila kukohoa hata mara moja, mpaka dada akamwambia aseme shida yake au aache foleni iende. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1984, ambaye ni mwalimu wa hisabati, na kijana mwaka 1987, ambaye ni fundi umeme, wote mnawaona hapa mbele. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2011 kwa ugonjwa wa moyo, na tangu hapo dada aliishi peke yake, ingawa alipenda kusema kwamba nyumba haikuwa tupu, na sisi tulidhani anamsema shemeji.

Tarehe 1 Julai 1994 alihamia kituo cha utafiti wa dawa, jengo lile la ghorofa mbili lenye korido ndefu na harufu ya spiriti. Wengi wetu tulidhani dawa mpya huchemshwa kama sabuni, mtu akakoroga, akamimina, ikauzwa. Yeye ndiye aliyetufundisha, mara nyingi wakati chakula kinapoa, kwamba dawa huanza na maelfu ya vitu vinavyotupwa, kinachobaki hujaribiwa kwenye vyupa, kisha kwa panya, kisha kwa watu wachache wazima, na mwisho kwa wagonjwa mamia, nusu yao wakipewa dawa yenyewe na nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, vinavyofanana nayo kwa rangi na ukubwa, na wala mgonjwa, wala daktari, wala yeye aliyevigawa, hajui nani kapata kipi, maana majibu yamefungwa ndani ya bahasha. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kibaya kilichompata kila mshiriki, hata mafua, hata kuteleza bafuni.

Sasa nausoma ukurasa wa nne kama ulivyo.

"Mwaka 2004 tulikuwa tukijaribu dawa mpya ya maumivu ya viungo, washiriki mia tatu na kumi na wawili, na kati yao alikuwamo mshona nguo mmoja ambaye kwenye fomu zetu alikuwa Namba Arobaini na Moja, na mtaani kwao Mama Vifungo, kwa sababu hakuna mtoto aliyepita mlangoni kwake akaondoka bila kifungo cha kuchezea. Alianza vidonge tarehe 12 Januari, na kila mwezi nilimwambia akunje ngumi, na kila mwezi vidole viligoma, wakati wenzake wengi walikwisha kuanza kushika vikombe na funguo, basi nikajiambia moyoni kwamba huyu kaangukia vidonge vitupu, na tangu hapo sikumtazama tena kama nilivyowatazama wengine. Kukisia tulikatazwa. Sote tulikisia.

"Jumatano tarehe 9 Juni alikuja macho yakiwa ya manjano, akijikuna mikono, akaniuliza kama si vidonge hivi kweli, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, vyake havina neno. Kwenye fomu kuna swali, je, tukio hili linahusiana na dawa, nikaweka alama penye haihusiani. Fomu iliyoandikwa inahusiana hupelekwa kwa daktari mkuu siku ileile na vidonge husimamishwa, iliyoandikwa haihusiani hulala kwenye trei hadi mwisho wa mwezi. Nikampa pakiti mpya, nikamsihi asiruke hata siku moja, naye hakuruka. Tarehe 20 Juni alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, ini likiwa limeharibika, na tarehe 27 akafariki. Tarehe 29 bahasha yake ilifunguliwa, na ndani yake iliandikwa kwamba alikuwa akimeza dawa yenyewe.

"Jaribio lilisimamishwa siku hiyo, washiriki wengine wawili ambao maini yao yalikwisha kuguswa walipona, na dawa ile haikufika dukani. Watu wema wameniambia kwamba huko ndiko kupima dawa, kwamba ndiyo maana tunapima. Ni kweli, lakini kati ya alama yangu na kitanda cha hospitali kuna siku kumi na moja, na mume wake sikumwambia kamwe. Naomba siku hizo zisomwe mbele ya watu."

Mwisho wa ukurasa wa nne.

Tarehe 30 Juni marehemu alijiandikia ripoti mwenyewe, akaiwasilisha kwa kamati ya usalama, akasimamishwa kazi miezi mitatu, akarudi tarehe 4 Oktoba. Aliomba barua ya kituo kwa mume wa Mama Vifungo izitaje siku zile kumi na moja, mwanasheria wa kituo akazifuta, barua ikaenda ikisema tu kwamba inawezekana kifo kilitokana na dawa. Dada angeweza kujificha nyuma ya mwanasheria huyo, lakini kwenye kipande cha karatasi nilichokikuta ndani ya daftari lake ameandika kwamba kilichomzuia si mwanasheria, ni woga.

Ninyi mliofundishwa naye kazi baada ya hapo mnajua alivyowaambia siku ya kwanza, msikisie, na siku ya pili akarudia, na hata mwaka wa tano akawa bado anarudia, mkamwita Bibi Msikisie, naye akajua mnavyomwita na hakukasirika. Sisi nyumbani tulipata sehemu yetu. Hakuna aliyeingia kwake bila kusimamishwa mlangoni penye mwanga, akavutwa kope ya chini, akakaguliwa weupe wa jicho, na siku ya harusi ya binti yake, Jumamosi tarehe 7 Agosti 2010, bwana harusi alipelekwa dirishani na suti yake, akakaguliwa, ndipo akapewa mke. Tulicheka sana. Nilimcheka kuliko wote, na nimesema sina haya, lakini leo ninayo.

Tulimcheka pia kwa viatu. Mume wa Mama Vifungo ni fundi viatu, kibanda chake kiko nyuma ya posta, na kuanzia mwaka 2005 dada alimpelekea viatu vya kushona kila baada ya miezi michache, yeye aliyekaa ofisini siku nzima, tukawa tunamuuliza kama anasambaza barua kwa miguu. Kumbe alikuwa akizikata soli kwa wembe, anakwenda, anakaa kwenye benchi la wateja akiwa na maneno mdomoni, kiatu kinakwisha kushonwa, anashukuru, anarudi na maneno yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na minane, na yeye ndiye aliyemvumilia shemeji yetu mara tisa tu.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari 2024 alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akampigia simu binti yake, akasema, "Yamekuja kwangu," na binti hakuhitaji kuuliza nini. Macho yake yalikuwa ya manjano. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa, na daktari akamweleza kwamba ipo dawa mpya inayojaribiwa, nusu wanapewa, nusu hawapewi, naye akatia saini kabla daktari hajamaliza sentensi. Muuguzi wa jaribio hilo, binti mwema ambaye nadhani yuko hapa, alimwambia siku moja ili kumtia moyo, "Mama, wewe naona umepata ile yenyewe." Dada alilia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo hata alipofiwa na mume, akamshika yule binti mkono, akamsihi asimwambie hivyo mgonjwa mwingine yeyote maisha yake yote, na wiki hiyo ndipo alipoomba kalamu na karatasi. Bahasha yake bado imefungwa, hatujui alipewa nini, na hatutauliza kabla ya wakati wake. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, saa nane na dakika kumi mchana, wodi namba sita, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Juzi nilikwenda nyuma ya posta na ukurasa wa nne mfukoni, kwa sababu haifai mtu asikie jambo kama hili katikati ya watu bila kutayarishwa. Fundi alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. Akaniambia kwamba mambo ya wembe aliyajua tangu jozi ya pili, soli iliyochakaa na soli iliyokatwa hazifanani, lakini alidhani ni mpweke anayetafuta mtu wa kuongea naye, ndiyo maana hakumuuliza. Kisha akaniuliza kama siku hizo kumi na moja zingemwokoa mke wake. Nilitamani kusema hapana, nakiri mbele yenu, neno lilikuwa mdomoni tayari, lakini pembeni mwa ukurasa dada ameandika kwamba swali hilo likiulizwa lijibiwe haijulikani, na kwamba asitokee mtu wa kumpunguzia kosa. Nikasema haijulikani. Fundi akavua miwani. Hakuniambia kwamba amesamehe, nami sitaongeza neno ambalo hakulisema. Aliomba kitu kimoja tu, na nitakifikia.

Kwanza, kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, ambao dada aliwasumbua kwa kuwasahihishia fomu hadi wiki ya mwisho, na yule muuguzi kijana, tafadhali usijilaumu, umelisikia kosa mapema na wengine hawakubahatika hivyo. Nawashukuru majirani, hasa mama wa nyumba ya pili aliyempikia uji miezi saba, akakaguliwa macho miezi saba. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo cha utafiti, waliokuja wengi kuliko viti. Namshukuru shangazi, ambaye hajatoka nje.

Na sasa ombi la fundi, aliyeketi safu ya tatu. Mke wake alipozikwa, historia yake ilisomwa na kaka yake, ikasema kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na fundi anasema sentensi hiyo imemkaa kooni miaka ishirini, kwa sababu hakujua kilichoujaza huo muda mfupi. Ameomba isomwe upya leo, hapa, na mimi naisoma.

Mama Vifungo, mshona nguo, mke wa fundi viatu, alianza kumeza dawa ya majaribio tarehe 12 Januari 2004 kwa hiari yake, ili vidole vyake virudi kwenye sindano. Tarehe 9 Juni aliugua, akasema kwamba anaugua, akauliza kama ni dawa, na hakusikilizwa. Alimeza vidonge siku kumi na moja zaidi kama alivyoelekezwa. Alifariki tarehe 27 Juni. Aliuliza swali sahihi.

Mama Vifungo, pumzika kwa amani. Dada yangu, nimesoma kila tarehe na sikukisia hata moja, nawe sasa pumzika kwa amani.