Kontena Tupu la Paje

Sifa zote ni za Bwana aliyenifikisha mbele yenu. Ndugu zangu, nina hasira, na sitaificha kanisani.

Mimi ni Rehema. Wazazi walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Yohana ndiye anayenifuata. Nilipata kazi kwenye yadi ya malori hapa mjini. Nilikuwa napanga lori lipi litoe kontena lililojaa bandarini, lipi likarudishe tupu. Yohana akawa dereva wa yadi hiyo hiyo.

Yadi ile ilikuwa na desturi mbaya. Kontena lililojaa lilibanwa kwenye trela kwa loki zote, vile vyuma vinavyoshika pembe zake. Tupu liliachwa hivi hivi, eti ni jepesi. Jepesi ndilo upepo unalolitaka!

Siku hiyo kontena la vigae lilikuwa limeshushwa mzigo kwenye hoteli moja ya Paje, kule pwani ya mashariki, na meli ilikuwa ikilisubiri bandarini. Trela iliyobaki ilikuwa na loki moja tu nzima. Nikapanga Yohana aende kesho yake na trela nyingine. Bosi akakataa.

"Bosi, upepo wa kusi umechachamaa," nikamwambia.

"Tupu hilo, bi mkubwa. Ushaona wapi debe tupu likampindua mtu?"

Yohana akacheka. "Bosi, kule Paje upepo unamnyanyua Mzungu mzima anayeteleza baharini na tiara lake."

"Basi kawe Mzungu. Kama hutaki, funguo ziache hapo."

Akaenda. Wakati wa kurudi, kabla ya msitu wa Jozani, upepo ukalinyanyua kontena upande mmoja, ile loki moja ikaivuta trela, lori likalala ubavu. Nilimkuta hospitalini, mguu umevunjika.

Ndugu zangu, wapo walioniambia ni mapenzi ya Mungu. Nawajibu leo: Mungu hakuvunja loki. Mungu hakumwamrisha Yohana aondoke. Msimsingizie.

Kisha bosi akanitaka niwaambie polisi kwamba Yohana alijiondokea bila ruhusa, tena kwa kasi. Nikisema hivyo, kazi yangu ipo. Nikikataa, nitafute pa kuwalishia wadogo zangu. Yaani mdogo wangu afungwe ili yeye apone!

Niliogopa. Nilipiga magoti na hasira yangu, nikasema, Bwana, sina mzazi wa kunisemea. Hakuja malaika. Woga ulinitoka tu, kama mtu aliyefukuzwa ndani ya nyumba. Asubuhi nikaenda kituoni nikasema yote, bosi amesimama pale pale. Madereva waliokuwa wakinyamaza wakasema baada yangu.

Kazi nilifukuzwa. Yohana anatembea kwa mkongojo, lakini yuko huru. Sasa napanga malori kwa tajiri mwingine, na hakuna tupu linalotoka kabla sijashika loki zake kwa mkono wangu. Yule bosi hajamwomba Yohana radhi mpaka leo. Hasira ninayo. Woga sina, na kwa hilo namshukuru Yesu.

Wewe unayeambiwa unyamaze ndipo upate kula, mwamini Bwana, kisha nenda ukaseme. Wakikufukuza, njoo kwetu. Sahani yako ipo.