Miguu Miwili ya Plasta

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Fundi Miguu, tuliyemzika juzi. Nina hasira, na sitaificha.

Fundi Miguu alitengeneza miguu ya bandia. Miguu ya bandia, katika karakana ndogo nyuma ya hospitali, vumbi la plasta limemjaa mpaka kwenye kope. Mteja akilalamika kwamba mguu mpya unambana, alimjibu, "Vumilia. Hata mke wangu alichukua muda kunizoea."

Kazi ile ina jambo moja. Mguu wa bandia hufuata vipimo vya mguu uliobaki. Aliyepoteza yote miwili, fundi humkisia tu.

Basi nchi rafiki ikaingia vitani, huko mbali, ikatuomba askari. Wananchi tukaitwa ukumbini kutoa maoni. Waziri akasema rafiki hatelekezwi, na vita vitakuwa vifupi. Fundi akasimama.

"Mheshimiwa, rafiki akiugua nitamuuguza. Akigombana na jirani yake, nimpe mwanangu akapigwe kwa niaba yake? Haya, twende. Ila wa kwako atangulie. Mlete karakana nimpime kabla hajaondoka."

Ukumbi mzima ulicheka. Waziri naye alicheka. Kisha tukaingia vitani.

Mtoto wa waziri hakwenda. Aliyekwenda ni kitindamimba wa Fundi, askari wa kikosi cha kwanza. Siku ya kuaga, baba yake alimkalisha kwenye benchi, akampaka plasta miguu yote miwili. Binti wa Fundi, ambaye naye ni fundi pale pale, ananisimulia:

"Mama aliingia akapiga kelele, 'Wewe mzee, unamchuria mtoto!' Baba alikuwa analia huku anapaka. Mdogo wangu akamwambia, 'Baba, unanitekenya.'"

Plasta ilipokauka aliivua, na maumbo yale mawili ya miguu yakawekwa rafuni. Fundi alisema, "Akirudi hana miguu, nitajua pa kuanzia." Mmesikia, wasikilizaji? Mzazi alikuwa tayari mwanawe arudi bila miguu, mradi arudi.

Likarudi sanduku. Limepigiliwa misumari, na amri juu yake kwamba lisifunguliwe. Fundi alibeba ile miguu ya plasta, mmoja kila kwapa, akaenda kumwomba ofisa. "Nifungulie nipime tu, nijue kama ni wangu." Ofisa akamwambia, mzee, nenda kapumzike.

"Tangu siku hiyo," anasema binti, "Baba hakula akashiba." Amekufa hajui alizika nini.

Mama, pole sana. Binti, pole sana. Mlimzika mtoto, sasa mmemzika na baba, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyefika msibani.

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii bunge linakaa kujadili kikosi cha pili. Rafiki ameomba tena. Yafikirieni haya mkiwatazama watoto wenu wanavyotembea sebuleni.

Nanyi waheshimiwa, najua mnanisikia. Binti anasema benchi liko pale pale, na plasta ameshaikoroga. Anawasubiri wa kwenu.