Marehemu Zarifa Rashoyan: Mkunga, Siyo Fagio

Marehemu Zarifa alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Tbilisi, Georgia, mtaa wa Avlabari, mtoto wa tatu wa mzee Aslan Mstoyan na mama Hazal, Wakurdi wa dini ya Kiyazidi. Hakuwahi kuhamia hapa kutoka popote, ingawa maisha yake yote aliulizwa ametokea wapi.

Alisoma shule ya Kigeorgia ya mtaani hadi 1958, akaingia chuo cha ukunga na kuhitimu 1961. Kwa miaka thelathini na mitano alizalisha katika hospitali ya uzazi. Wengi wenu mliosimama hapa, mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa yake. Likumbukeni hilo.

Mwaka 1963 aliolewa na marehemu Temur Rashoyan, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole aliyekasirika hadharani mara moja tu. Mara hiyo ilikuwa kwenye ukumbi wa sinema.

Kiangazi cha 1974 watu wa filamu walikuja uani kwao kupiga komedi ya bwana harusi aliyepotea. Zarifa ndiyo kwanza anatoka zamu.

"Dada, wewe Mkurdi? Safi sana," mwongozaji akamwambia. "Vua hilo koti, shika fagio."

"Mimi ni mkunga."

"Mkurdi gani wa koti jeupe?"

"Si huyu hapa?"

"Kwenye filamu hapana, dada'ngu."

Majirani walikuwa wamejaa madirishani, na nani hapendi kuonekana kwenye filamu? Akashika. Akaulizwa bwana harusi yuko wapi, akasema maneno yake, "Sijui, mimi nafagia tu," kwa Kigeorgia kilichonyooka. Akaambiwa akivunjevunje kidogo, watu wacheke. Akakataa katakata. Filamu ilipotoka, Temur alivaa suti akapeleka ukoo mzima. Mdomo ulikuwa wa Zarifa; sauti walibandika ya mwigizaji mwingine, imepinda kama msumari mbovu. Watu wakavunjika mbavu. Temur akasimama: "Hiyo siyo sauti ya mke wangu!" Wakacheka zaidi.

Hadi leo tunaambiwa filamu ile ni fahari yetu, mji mzima umo. Ni kweli, umo. Muarmenia yumo, anapunja mizani. Mwazeri yumo, anauza tikiti maji. Mkurdi yumo, anafagia. Wenye majina ni Wageorgia peke yao. Na kwa miaka arobaini na miwili watu aliowazalisha kwa mikono yake walimpigia kelele barabarani: "Shangazi Fagio, bwana harusi yuko wapi?"

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2014. Oktoba ya mwaka huu alilazwa, na daktari kijana akamtambua. "Bibi, si wewe yule wa fagio? Sema basi, tucheke."

Zarifa akamuuliza mama yake ni nani. Akatajiwa. "Wewe ulitanguliza miguu," akasema. "Ningejua utakuwa na adabu hizi, ningekurudisha ndani."

Daktari alicheka hadi akakaa kitandani. Kisha akauliza: "Bibi, unaitwa nani?" Zarifa alisimulia swali hilo kwa kila aliyekuja kumjulia hali.

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2016, akiwa ameacha wosia mmoja: ile kauli ya kufagia isisemwe kwenye meza ya matanga yake.

Jana bwana Otar, jirani na msimamizi wa meza ya leo anayeongoza kunyanyua glasi, alikuja kuomba aanze nayo tu, eti kwa upendo. Lamara, binti wa marehemu, akamjibu: "Kaka Otar, mama ndiye aliyekukata kitovu. Jina lake unalijua?"

Otar akaomba aandikiwe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Jemal na Lamara, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, na nusu ya mtaa huu. Leo kila glasi itanyanyuliwa kwa jina lake lote, na Otar ndiye atakayeanza. Amekuwa akijifunza tangu jana. Atakayeitaja ile kauli, fagio liko nyuma ya mlango, na ua ni mkubwa.

Zarifa Rashoyan apumzike kwa amani.