Aliyebisha Hodi kwa Binti Kondo

Kijiwe cha Rahaleo hakina paa, hakina bango, na hakina mtu anayekubali kushindwa. Kina benchi moja refu la mbao za bandarini, jiko la mkaa, birika la Issa muuza kahawa na sinia la kashata. Alasiri hiyo upande mmoja wa benchi aliketi Dickson, Mnyakyusa anayepakia mizigo bandarini, anayeitwa Kreni kwa sababu hunyanyua kila mada, hata isiyo yake. Upande wa pili alikuwepo Mussa wa Nanyamba, jina la utani Mabibo, mkulima wa korosho ambaye huja mjini kununua kiberiti akarudi kwao mkewe ameshasahau kilichomtoa. Ndipo Hemedi alipofika na bodaboda yake, akaizima kwa hasira kana kwamba imemtukana. Huyu ndiye Kurasa. Shule aliiacha kidato cha pili, mwenyewe husema ni shule iliyoshindwa kumfuata. Rahaleo nzima hakuna aliyesoma hadithi nyingi kumshinda, na kama yupo, Hemedi hajampa ruhusa ya kuzaliwa.

— Leo hakuna hadithi, alisema.

— Umeme ulikatika? aliuliza Kreni.

— Kitabu ndicho kilichokatika.

Benchi zima likamgeukia. Maana desturi ilikuwa hiyo: usiku Hemedi humsomea mama yake, Bi Mariamu, ambaye macho yake yameshachoka na herufi ndogo, kesho yake alasiri huja kijiweni akawamwagia wenzake yale yale kwa mbwembwe. Wiki nzima walikuwa na Binti Kondo wa kitabuni. Mumewe, Mfaume, alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji asirudi, hitima ikasomwa, eda ikaisha, na sasa Binti Kondo anaolewa na mwingine.

— Ilikuwaje? aliuliza Issa, birika likining'inia mkononi.

— Bwana harusi yuko njiani. Wali uko jikoni. Mara, ngo ngo ngo! Mlango. Binti Kondo anauliza, "Nani?" Nafunua ukurasa, nakutana na gundi kavu na uzi. Kurasa za mwisho hazimo. Nilikinunua mnadani hivyo hivyo.

— Si ungekagua nyuma kabla ya kununua!

— Mimi? Nikague mwisho? Kreni, mimi ni msomaji, si mwizi. Mwisho wa kitabu hauguswi mpaka zamu yake ifike. Hiyo ni sheria yangu.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima, alisema Mabibo kwa heshima kubwa, na hakuna aliyejua amemuunga mkono nani.

— Basi anza kingine, kaka, alisema Issa. Vitabu si vimejaa kwenu?

Hemedi akacheka kwa pua. Sheria yake ya pili iliwahi kutangazwa hapo mara nyingi kuliko bei ya korosho: haanzi kitabu kipya kabla ya kumaliza cha kwanza, hata kiwe kibovu kama barabara ya masika. Lakini moyoni alijua leo si sheria iliyomfunga. Ni mama. Jana usiku alipomfungulia kitabu kingine, Bi Mariamu alikifunika kwa kiganja. "Mwanangu," alisema, "humwachi mwenzio mlangoni ukaenda kupiga soga nyumba ya pili." Kisha akakaa kitandani macho wazi, anauliza giza: nani?

— Siachi, alisema Hemedi. Nitampata aliyebisha, hata kama amehamia Songea.

— Umpate wapi? Ni Mfaume huyo! Kreni alisimama kabisa. Hakufa. Aliposikia mke anaolewa, akavuka mto kuogelea.

— Na mamba?

— Mamba walimpisha. Mwanamume mwenye wivu hana ladha.

— Si Mfaume, alisema Issa. Mimi namwona bwana harusi mwenyewe, kafika mapema, anataka kuvunja ndoa. Ameona wali ni kidogo.

— Ameuonaje, yuko nje?

— Harufu, mjomba! Mimi nauza kahawa. Kwa harufu tu najua mtu atalipa au atakopa.

Mabibo alikuwa anatafuna kashata polepole, kama jaji. Akameza.

— Nyote mnakosea. Kwetu, ng'ambo ya mto kukitoka kiumbe kikabisha kwenye nnango, hatuulizi nani. Tunauliza wangapi. Huyo ni tembo.

— Tembo anabisha hodi?

— Tembo wa Ruvuma wana adabu. Mwaka juzi mmoja alikula mihogo ya shemeji yangu, akaacha mbegu za kupandia.

— Mihogo haina mbegu, Mabibo.

— Ndiyo ujue alihangaika kuzitafuta! Haba na haba hujaza kibaba.

Kicheko kilipasuka, Kreni akamwagikiwa kahawa mapajani. Hemedi peke yake hakucheka. Alikuwa amekitoa kitabu kifuani mwa jaketi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, jani la mkorosho likitokeza katikati kuonyesha alipoishia, ingawa hapakuwa na pa kuendelea. Alikinusa, kama anavyonusa kila kitabu. Kilinuka stoo ya mtu asiyejua alichouza.

Hapo ndipo dada mmoja mgeni alipokaribia, sketi ndefu, begi begani, anatafuta usafiri.

— Hamjambo kaka zangu. Bodaboda hii inaenda Shangani?

— Inaenda hata Masasi, dada yangu, ila dereva ana msiba, alisema Kreni. Kitabu chake hakina mwisho.

Aliitwa Witness, mwalimu, amehamishwa juzi tu kutoka Iringa. Alisimuliwa kisa chote kwa midomo minne kwa pamoja, tembo akiwemo. Akatabasamu.

— Mimi nimekuja na kabati zima la hadithi. Pengine ninacho. Kinaitwaje?

Kreni akamtazama Mabibo. Mabibo akamtazama Issa. Issa akalitazama jiko.

— Kurasa, umeulizwa, Kreni alisema. Kinaitwaje?

Hemedi akaifunua ile karatasi ya kaki. Jalada halikuwepo. Maana ilikuwapo sheria ya tatu, ile aliyoringia kuliko zote: akinunua kitabu, hung'oa jalada na kurasa za mbele, jina, sifa, utangulizi na yote, bila kuyasoma. "Jalada ni mpambe," husema, "mimi nimemfuata bibi harusi." Ya kitabu hiki alikuja nayo hapa hapa wiki iliyopita, akampa Issa kwa madaha.

— Juu ya kurasa hamna jina? aliuliza Witness.

— Namba tupu, alisema Hemedi taratibu. Issa, ndugu yangu. Zile karatasi nilizokupa?

— Nyembamba nilifungia watu kashata.

— Na jalada?

Issa akainamia jiko. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapepea mkaa kwa kitu kigumu, kimeungua pembe zote. Hemedi alikinyakua, akakipangusa majivu kwa kiwiko, akakisoma. Moto ulikuwa umekula kila kitu, ukabakiza maneno matatu chini kabisa: *Toleo la Pili*.

— Angalau unajua kilipendwa, alisema Mabibo.

— Mtego umemnasa aliyeutega, alisema Kreni, na kwa bahati mbaya methali hiyo ilifaa.

Hemedi alikigeuza kile kipande upande wa pili: masizi matupu. Kisha akamrudishia Issa kipepeo chake, akarudisha kitabu kifuani, akafunga zipu mpaka shingoni.

— Mwalimu, kabati lako lina vitabu vingapi?

— Sijawahi kuhesabu. Vingi. Kwa nini?

— Panda. Ukiniruhusu, navifungua kimoja kimoja hapo hapo barazani kwako. Na naanzia nyuma.

— Nyuma? Kreni alishika kichwa. Kurasa! Na sheria?

— Sheria ni za kwangu, mama ni wa kwangu. Usiku huu halali tena na mtu mlangoni.

— Na kama hakimo? aliuliza Witness, akikaa.

— Basi utanionyesha mwalimu mwenzako mwenye kabati.

Akaipiga teke pikipiki, ikaunguruma. Issa aliinua birika kuwamiminia waliobaki. Likatoa tone moja, likakohoa. Kahawa imekwisha. Mabibo alisimama juu ya benchi, mikono mdomoni kama tarumbeta, akapaza sauti nyuma ya vumbi:

— Kurasaaa! Akiwa ni tembo, nipigie!